Nilimfokea mama mkwe kwa kumweka mwanangu mbele ya karai la maandazi

Shikamoo mama,

Naomba usitaje jina langu wala mtaa. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 7 na wa kike ana miaka 4. Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jiko dogo kwa nyuma. Nafanya kazi duka la dawa. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku, Jumamosi nafanya nusu siku. Mwaka jana mama mkwe alifiwa na mumewe, akaja kutoka Pangani kukaa na sisi. Ni mtu mwema, hatujawahi kukwaruzana mpaka hili lilipotokea.

Kwanza nikueleze jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 5, kwetu Korogwe, niliungua uji. Mama alikuwa amebandika sufuria kwenye mafiga uani, sisi watoto tunakimbizana, nikajikwaa kwenye ukuni uliochomoza na uji ukanimwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani. Majirani wakanipaka dawa ya meno. Nakumbuka ubaridi wake, halafu nakumbuka nesi akiibandua hospitalini. Kovu lipo mpaka leo, na mpaka leo navaa nguo za mikono mirefu hata kwenye joto la Desemba.

Kwa hiyo nilipopata watoto nilijiwekea sheria moja: jikoni haingii mtoto. Nikipika nafunga mlango, wao wanaangalia katuni. Hata dada wa kazi tuliyekuwa naye zamani aliijua sheria hiyo. Nilipanga kuanza kuwafundisha wakifika miaka 10 au 12.

Mama mkwe alipokuja, sheria ikafa bila mimi kujua. Siku moja kijana wangu ananiambia, "Mama, kitunguu kikiacha kuwasha macho kikaanza kunukia utamu ndio unatia nyanya." Nani kakwambia? Bibi. Siku nyingine nakuta vidole vyake vimechubuka, kumbe anakuna nazi. Mdogo wake naye anachambua mchicha, anachagua mchele kwenye ungo, ananionyesha kijiwe alichokitoa kana kwamba ameokota dhahabu. Nikamwambia mama mkwe kwa upole kwamba nina wasiwasi. Akacheka, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Nikanyamaza, lakini moyoni nilikasirika. Wembe gani tena, na mkono wangu anauona?

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilirudi mapema. Harufu ya iliki niliisikia tangu getini. Jiko letu ni mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 unaofungwa jiko juu yake, na unakaa sakafuni. Mwanangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, karai la mafuta liko usawa wa kifua chake, ameshika kijiko cha matundu anageuza maandazi. Bibi yake alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili nyuma, anakata mengine.

Sikumbuki nilivyouvuka ule mlango. Nilimvuta mtoto mkono kwa nguvu huku napiga kelele, kijiko kikaruka, tone la mafuta likamwangukia juu ya mguu. Nikamgeukia mama mkwe nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima: "Unataka kuniulia mtoto?" Watoto wote wawili wanasikia. Hakujibu. Alizima gesi, akafunika unga, akaenda kukaa barazani.

Tangu siku hiyo hajaingia jikoni. Akipewa chakula anakula, anasema asante. Mume wangu anasema nimemvunjia mama yake heshima, niende nikaombe radhi. Lakini hapo hapo anasema hata yeye hakupenda, mtoto wa kiume anatafuta nini jikoni, kama ni kufundishwa afundishwe wa kike. Kwa hiyo hata yeye hatuko upande mmoja.

Kinachoniumiza zaidi ni mtoto. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya mtama na kimeshapona. Lakini juzi niliacha mlango wa jikoni wazi makusudi, nikamwomba aniletee chumvi. Akasimama kizingitini akasema, "Sitaki, nitaungua." Sijui anaogopa moto au ananiogopa mimi. Mdogo wake nimemkuta uani anacheza kujipikilisha na vifuniko vya chupa, anamfokea mwanasesere wake, "Toka! Toka hapo!" Sauti ni yangu kabisa.

Nimekosea kuogopa? Nimwachie mama mkwe aendelee? Niombe radhi kwa lipi, wakati mafuta yale yalikuwa yanachemka kweli? Na lile tone linanirudia usiku. Nisingemvuta, lingemwangukia?

Mama Wawili, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kwa siku ile, na pole kwa ule uji wa Korogwe, maana naona haujapoa.

Nikikusikia vizuri, hunitumi nikuamulie kati yako na mama mkwe. Una mtoto aliyekuwa anajifunza kupika na akaacha kwa siku moja, una mama mkwe aliyehamia barazani, na wewe katikati hujui hofu yako ni ya kuifuata au ni ya kuiacha. Nitajaribu kutembea nawe humo.

Umeuliza kama umekosea kuogopa. Hofu yako ina sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, walio wengi wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto wadogo, mara nyingi kinachounguza hata si moto wenyewe, ni cha majimaji: uji, chai, maji ya kuoga, mchuzi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua haraka na kwa kina zaidi kuliko yangu na yako. Na mafuta ndiyo mabaya kupita yote. Maji yakichemka ni nyuzi joto 100, mafuta yanayoivisha andazi hupita 170, na yakishika ngozi yananata. Karai lile usawa wa kifua cha mtoto wa miaka 7 lilikuwa hatari, na mtu asikuambie ulikuwa unaota.

Lakini naomba turudi Korogwe kidogo, kwa ruhusa yako. Umeandika mwenyewe kwamba mlikuwa mnakimbizana. Hukuwa unapika, mwanangu. Hukuwa umekalia kigoda wala kushika mwiko, na hapakuwa na mtu mzima anayekuangalia wewe na sufuria kwa pamoja. Ulikuwa mpita njia kwenye moto wa wengine. Simlaumu mama yako, uani ndiko jiko lilikokuwa na watoto uani ndiko wanakocheza. Najiuliza tu, miaka yote hii umekuwa ukimwogopea mtoto yupi? Anayepika, au anayepita mbio kando ya sufuria? Sheria ya mlango uliofungwa inamzuia yule wa kwanza. Yule wa pili bado yupo nyumbani kwako, na siku mlango utakaposahaulika wazi ataingia bila kujua kwamba mfuniko una mvuke chini yake, wala kwamba sufuria zetu hazina mpini na hubebwa kwa kitambaa mikono miwili, na anayeibeba hawezi kumkwepa mtoto. Kijana wako alikuwa ameshaanza kuyajua hayo. Mtoto anayejua kitunguu kimefika wapi kwa harufu amekaa karibu na chungu kwa utulivu mara nyingi, na wewe hukuwepo kuuona utulivu huo.

Hii haina maana kwamba bibi alikuwa sahihi. Methali aliyokupa nayo ina mpaka wake. Wembe hukata kidole, damu ikatoka, kesho kidole kikapona na mtoto akawa amejifunza. Mbuzi ya nazi iko hivyo, kisu kidogo kiko hivyo, na vidole vilivyochubuka ulivyoviona ndiyo karo ya somo lile. Mafuta ya moto hayatoi somo la namna hiyo. Kwa hiyo huenda nyinyi wawili hamkugombana juu ya watoto kuingia jikoni, ila juu ya kitu kimoja tu kati ya vitu ishirini walivyokuwa wanafanya humo. Hivyo kumi na tisa ulivikasirikia navyo, au vilichukuliwa tu na hasira ya kile kimoja?

Nikuulize pia juu ya hiyo miaka 10 au 12. Uliipata wapi? Ina faida yake, nakubali: mkono una nguvu, kimo kimefika, akili inakumbuka onyo. Lakini mtoto wa miaka 4 anayefurahia kijiwe cha kwenye mchele anakupa kitu ambacho hutakiomba ukakipata baadaye. Ana hamu. Nimeona wengi wakisubiri mpaka mtoto afike umri wa kufaa, na alipoufikia alikuwa hataki tena, na jikoni pakawa mahali pa kutumwa kwa kelele.

Unaweza kuamua kurudisha sheria yako kama ilivyokuwa. Ni nyumba yako na wengi watakuelewa. Gharama yake naiona kwenye kizingiti, pale kijana aliposimama. Hofu ya mtoto asiyejua anachokiogopa haimlindi sana, maana haimwambii asimame wapi. Na bibi atabaki barazani, kwa sababu nyumba isiyo na kazi ya kumpa haina pa kumweka kwingine.

Unaweza pia kumwachia mama mkwe aendelee kama zamani. Hapo mimi ningesita. Siku nzima yuko peke yake na watoto wawili wa umri tofauti, na mmoja akiwa kwenye moto, mwingine anamvuta kanga anataka maji. Hatua mbili ni umbali mdogo kwa mtu anayetembea, ila mbele ya mafuta ni mbali mno. Sijui macho na magoti yake yakoje, hujaniambia. Ungeyaangalia hayo kwa huruma kabla hujamrudishia mzigo wote.

Na kuna njia ya katikati, ambayo nayo ina taabu zake. Wewe mwenyewe uingie nao, siku moja kwa wiki, tuseme Jumapili, bibi akiwepo. Ule mkeka wake unaweza kuwa mpaka: kazi zote za watoto zinafanyika juu ya mkeka, na mtungi unakaa upande wa pili, kwenye sakafu iliyo sawa, ambapo hapiti mtu. Wa miaka 4 anapukuchua mbaazi, anachambua mchicha, anamenya kitunguu saumu, anakanda tonge lake la chapati hata likawa jeusi. Wa miaka 7 anakuna nazi na kuacha kabla hajafika kwenye kifuu, maana hapo ndipo meno ya mbuzi yanapovila vidole. Anakamua tui. Anakata bamia na nyanya juu ya ubao, ameketi. Juu ya ubao nasisitiza, kwa sababu wengi wetu tunakatia mkononi, kisu kinakuja kwenye dole gumba, na tunadhani mtoto ataona tunavyoponea. Mpe kisu kidogo kinachokata vizuri, maana kisu butu kinalazimishwa, na kikilazimishwa kinateleza. Kutia tui jepesi, kisha lile zito mwishoni na kulikoroga lisikatike, hiyo anaweza kuifanya akiwa amesimama mbele yako, mgongo wake umegusa tumbo lako, mkono wako juu ya mwiko pamoja na wake. Mafuta ya kukaangia yanabaki ya mtu mzima, na wakati huo mkeka mzima unahamia mlangoni.

Kazi ziwe za kweli. Usimpe unga wa kuchezea halafu ukautupa. Watoto wanajua. Huyu wako alijua kwamba nyanya zake ndizo zilizoingia kwenye mchuzi uliokula wewe, ndiyo maana alikuletea ile habari ya kitunguu.

Taabu ya njia hii ni wewe. Umechoka, una Jumapili moja, na kupika na watoto ni kupika mara mbili na kufagia mara tatu. Mkono wako utatetemeka atakaposogea. Pengine mara ya kwanza utamfokea tena. Kama unaona huliwezi kwa sasa, kuchagua mchele nje ya jiko kunatosha kwa kuanzia, hakuna anayekupimia muda.

Jambo moja silionei njia ya katikati. Wewe ni mtu wa duka la dawa, unajua kwamba jeraha la moto humwagiwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama ni kwa kopo na ndoo, kwamba halipakwi dawa ya meno wala yai wala asali wala barafu, na kwamba likiwa usoni, viganjani, sehemu za siri, au likizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto, ni hospitali moja kwa moja baada ya hayo maji. Lakini saa nyingi za hatari wewe uko kazini. Bibi anajua? Au naye angekimbilia dawa ya meno kama majirani wa Korogwe? Mwonyeshe, mkiwa mmepatana.

Kuhusu mume wako, usimgeuze kuwa vita ya pili. Kamuulize tu, kwenye harusi za kwao, lile sufuria kubwa la pilau hukorogwa na nani. Pwani yetu imejaa wanaume wenye mkono wa pilau wanaoitwa shughuli hadi shughuli, na anayekaanga chipsi kituoni mwa daladala ni kijana wa mtu. Anaweza kuwa anaogopa kitu kingine ambacho hajakisema. Msikilize kabla hujamjibu.

Sasa lile tone. Sikuwepo, siwezi kukuambia lingeanguka au lisingeanguka. Mtoto akivutwa ghafla, kilicho mkononi mwake nacho huruka, hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba ungemwacha, huenda usiku huu ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Hutajua. Wakati mwingine, kama utakuwepo, ita jina lake kwa sauti ya chini, zima gesi, kisha mwondoe. Ila huyo mtoto hana haja ya hesabu zako. Yeye alikuwa anafanya alichofundishwa, kwa uangalifu, na mama akaja akapiga kelele na mguu ukaungua. Anaweza kuwa amejumlisha yote hayo akapata kwamba kosa ni lake. Mtafute mkiwa wawili, umwambie ulivyoogopa, umwambie alikuwa anageuza maandazi vizuri, na kwamba lile karai lilikuwa la watu wakubwa. Usimsukume arudi jikoni siku hiyo hiyo.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa sababu kuna kitu kwenye barua yako kimenikalia. Umeandika kwamba mkono wako anauona. Lakini mistari michache kabla ya hapo umesema unavaa mikono mirefu hata Desemba. Anauona wapi, mwanangu? Umewahi kumsimulia? Inawezekana alipocheka na kukupa methali alikuwa anamjibu mama wa mjini mwenye woga wa kawaida, hajui anamjibu mtoto wa miaka 5 mwenye dawa ya meno mkononi.

Na angalia alichofanya ulipomfokea. Alizima gesi kwanza, kisha akafunika unga. Mimi nikisoma hapo naona mtu mwangalifu kuliko nilivyomdhania, na mtu aliyejua papo hapo kwamba jambo kubwa limetokea. Ni mjane, ametoka Pangani, na hapo mjini jikoni ndipo palipokuwa pake. Wiki mbili hizi amefiwa kidogo tena.

Umeuliza uombe radhi kwa lipi. Unaweza kuomba kwa lile neno, na kwa kulisema mbele ya wajukuu wake, bila kuomba radhi kwa kuogopa. Hayo ni mambo mawili, na mtu mzima huyatofautisha. Anaweza pia asikupokee siku ya kwanza. Mwachie nafasi. Lakini kama utakwenda pale barazani, nenda watoto wakiwa wamelala, ukae chini, ukunje mkono wa gauni, umwonyeshe kuanzia kwenye kiwiko mpaka kiganjani, halafu umweleze ilikuwaje. Mengine ya mkeka na mtungi na Jumapili mtayapanga nyinyi, maana anayajua kuliko mimi.

Niandikie, nitataka kujua alikwambia nini.